Nyumba za Goma zilipata wapi rangi zake?

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Kiangazi kikifika, kati ya Juni na Agosti, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Birere na pembeni ya soko la Virunga hupanga madumu ya rangi hadi barazani. Ndio wakati wa kupaka rangi, kwa sababu mvua imepumzika na ukuta unakauka. Baba wa nyumba anasimama mbele ya karatasi yenye vipande vya rangi, mama anaonyesha moja, watoto nyingine, na fundi anasubiri jibu ili apige hesabu ya madumu.

Mambo hayo yanaonekana kuwa ya kupenda na kutopenda tu. Lakini mtu akitembea polepole kutoka Mugunga hadi Grande Barrière ataona kwamba nyumba nyingi za Goma zinafanana: chini ni nyeusi, kijivu au kahawia, juu ni krimu, njano hafifu au nyeupe. Atakuta uzio wa mawe ya volkano ambao haukupakwa rangi kabisa isipokuwa kwenye mistari ya saruji inayounganisha mawe. Atakuta pia nyumba za mbao zilizogeuka nyeusi kwa mafuta machafu ya injini. Kila moja ya rangi hizo ina sababu yake, na sababu nyingi ni za zamani kuliko mwenye nyumba.

Mji wa jiwe jeusi

Pwani ya Bahari ya Hindi, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, watu walijenga kwa mawe ya matumbawe. Jiwe hilo likichomwa hutoa chokaa, kwa hiyo mji ulipata ukuta na rangi yake nyeupe kutoka mahali pamoja. Goma haikupata bahati hiyo. Jiwe letu ni lava iliyopoa, nyeusi na ngumu, na hata ukilichoma mwaka mzima halitoi chokaa. Tangu mwanzo, weupe wowote wa Goma ulitoka nje.

Kabla ya wakoloni, nyumba za eneo hili chini ya Nyiragongo, katika nchi ya Wakumu, zilikuwa za miti, matete na majani. Rangi yake ilikuwa ya vitu vyenyewe: kijani siku za kwanza, kisha njano, na mwishowe nyeusi ya moshi kwa ndani. Moshi huo haukuwa uchafu tu, kwani ulifukuza wadudu na kulinda miti isioze. Udongo mweupe, ambao sehemu nyingi za Kongo unaitwa pemba, ulijulikana, lakini kazi yake ilikuwa zaidi kwenye mwili na kwenye sherehe kuliko ukutani.

Jina la Birere lenyewe ni ushahidi wa nyumba hizo. Wazee wanaeleza kwamba linatokana na majani makavu ya mgomba, yaliyokuwa yakifunika vibanda vya wakaaji wa kwanza wa mtaa ule, hatua chache kutoka mpakani.

Wabelgiji walipoweka kituo chao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, wakitazamana na Wajerumani waliokuwa Gisenyi, walileta nyumba ya matofali, paa la bati na ukuta uliopakwa chokaa. Mpaka wa eneo hili ulipatanwa mwaka 1910, na kituo kikakua polepole kuwa mji. Sehemu ya kando ya ziwa ikawa ya Wazungu, yenye nyumba nyeupe na bustani. Waafrika walikaa upande wa pili, katika nyumba za udongo, miti na baadaye mbao. Hivyo rangi ya ukuta ikawa alama ya cheo. Mtu aliyekuwa na nyumba iliyopakwa chokaa alihesabiwa kuwa karani, mwalimu, mfanyabiashara au mtu wa misheni. Mpaka leo, wazee wengine wanaposema nyumba ni safi, wanamaanisha kwamba ni nyeupe.

Kwa nini chini ni nyeusi

Mstari mweusi wa chini, ule ambao mafundi wanauita subasma, ulikuja na nyumba hizo za kikoloni, na haukuwa pambo. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na mvua yake ni nyingi. Matone yakianguka kutoka kwenye paa lisilo na mfereji, yanapiga mchanga mweusi wa volkano na kuurusha ukutani. Ukuta mweupe unaharibika kwa msimu mmoja, tena mpaka kimo kilekile: magotini au kiunoni. Waliojenga zamani walipaka sehemu hiyo lami au rangi nzito, ili matope yasionekane na maji yasipande haraka.

Fundi wa leo anayesisitiza kwamba chini kuwe kijivu cha giza au kahawia anarudia somo hilohilo, hata kama hajui lilianza lini. Mwenye nyumba anayekataa kwa kuwa ameona picha ya villa nyeupe tupu kwenye simu yake hujuta Septemba mvua inaporudi.

Volkano ina neno lingine juu ya rangi. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa, nayo ikichanganyika na mvua inatoa maji makali. Pepo mara nyingi huusukuma moshi huo kuelekea magharibi, upande wa Rusayo, Sake na Masisi. Huko mabati, au manjanja kama wengi wanavyosema hapa, yanaota kutu mapema. Ndiyo maana paa lililopakwa rangi ya kuzuia kutu linadumu kuliko lile lililoachwa tupu, na ndiyo maana nyekundu ya kahawia imekuwa rangi ya mapaa mengi: kutu ikianza, macho hayaioni haraka. Jambo baya ni kwamba mwenye nyumba naye haioni, hadi siku bati linapotoboka.

Siku ambazo rangi zote ziliisha

Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la moto lililokuwa ndani ya Nyiragongo lilipasua mlima na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Vijiji vya kaskazini mwa mji viliteketea na watu wengi walikufa. Mji wenyewe ulisalimika, na kwa miaka 25 Goma ikaendelea kujenga ikielekea mlimani.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilifika mjini. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya maduka, ikateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Karibu asilimia 13 ya mji iliangamia, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, na mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao wakivuka kwenda Gisenyi. Nyumba za matofali zilizojengwa tangu enzi ya Wabelgiji, zenye kuta nene na chokaa cha tabaka juu ya tabaka, zilizama chini ya jiwe. Katikati ya mji, wanaotembea leo wanakanyaga juu ya mapaa ya nyumba hizo.

Wakubwa na wataalamu walizungumzia kuhamisha mji. Wakaaji hawakungoja. Siku chache tu baadaye walirudi, jiwe likiwa bado na joto, wakaanza kupima parseli zao juu ya lava. Hapo ndipo nyumba ya mbao ilipochukua mji. Kuchimba msingi katika lava ngumu kulihitaji nguvu na pesa ambazo watu waliopoteza kila kitu hawakuwa nazo. Mbao ziliwekwa juu ya mawe yaliyopangwa, tena zilikuwa na faida nyingine: zinaweza kubomolewa, kupakiwa na kusimamishwa mahali pengine. Mpangaji wa kiwanja akifukuzwa, anaondoka na nyumba yake.

Nyumba kama hiyo haikupewa rangi ya duka. Mbao zilipakwa mafuta machafu ya injini, yaliyopatikana bure au kwa bei ndogo katika magereji, kwa sababu yanazuia mchwa na maji. Mitaa mizima ya Majengo, Virunga na Kahembe ikawa na rangi hiyo ya giza. Mgeni aliiona kuwa huzuni, akasema mji umevaa maombolezo. Mwenye nyumba aliona kitu kingine: mbao zitakazofika miaka kumi.

Kutoka hapo, kupaka rangi halisi kulipata maana ambayo hakukuwa nayo zamani. Mtu akipiga plasta, akanunua dumu la rangi ya maji na kupaka ukuta wa mbele, majirani walielewa kwamba ameamua kubaki. Hiyo ndiyo sababu miaka iliyofuata 2002 inakumbukwa na mafundi kama miaka ya kazi nyingi. Mashirika ya misaada na watumishi wa Umoja wa Mataifa walikodi nyumba za Himbi na Katindo, wafanyabiashara wa madini wakajenga nyumba za etaji kando ya ziwa, na rangi mpya zikaingia: pinki, kijani cha limau, bluu ya anga, na vigae vya kung'aa kwenye nguzo. Madumu yalitoka Kigali, Kampala na Nairobi kwa malori yaleyale yaliyoleta saruji.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikafunguka tena. Lava ilisimama karibu na mji, upande wa Buhene, baada ya kuteketeza maelfu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Siku tano baadaye sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Waliorudi walikuta kuta zimepasuka kwa matetemeko, na nyufa zikapita katikati ya rangi zilizokuwa bado mpya.

Kuta zinazosema

Goma ina rangi nyingine ambazo mwenye nyumba hakuzichagua kwa ajili ya uzuri. Makampuni ya simu yalipoingia, yaligundua kwamba ukuta wa duka kwenye barabara ni tangazo la bei nafuu. Waliwapakia wenye maduka rangi bure, nao wakakubali kwa furaha. Duka moja la pembeni ya barabara liliweza kuwa nyekundu na njano ya Celtel, likabadilishwa mwaka 2008 jina hilo lilipokuwa Zain, kisha likawa jekundu la Airtel kuanzia mwishoni mwa 2010. Vodacom nayo iliacha bluu ikaingia kwenye nyekundu, na Orange ilipoinunua Tigo mwaka 2016, bluu ya Tigo ikafunikwa na machungwa. Fundi mwenye subira akikwangua ukuta wa namna hiyo leo, atasoma historia ya simu nchini Kongo tabaka kwa tabaka.

Kuna pia maandishi mekundu ambayo hakuna asiyeyajua: parseli hii haiuzwi. Yameandikwa kwa brashi pana kwenye uzio, nyakati nyingine juu ya rangi nzuri iliyogharimu pesa nyingi. Ni ishara ya ndugu wasioelewana juu ya urithi, ya mjane anayeogopa mashemeji, ya mtu aliyesafiri na kuogopa kwamba jirani atauza kwa hati bandia. Mji ambao lava imefuta mipaka ya viwanja mara zaidi ya moja umefanya rangi nyekundu kuwa wakili wa maskini. Lakini rangi hiyo haina nguvu mbele ya sheria. Inaonya tu. Cheti cha kusajili ardhi ndicho kinachosimama mahakamani.

Na wapo wanaokataa rangi ya nje kwa hesabu zao. Uzio wa mawe meusi unaachwa ulivyo, geti linapakwa rangi isiyovutia macho, na uzuri wote unawekwa ndani. Katika mji uliotekwa na waasi wa M23 Novemba 2012, na kutekwa tena mwishoni mwa Januari 2025, mabenki yakafunga milango na wengi wakabaki bila akiba mkononi, si kila mtu anataka ukuta wake umtangaze. Tofauti hii kati ya nje ya kimya na sebule yenye rangi kali ni historia ya usalama wa Goma kwa ufupi.

Ndani: giza, makala na risasi

Kwa ndani, jambo la kwanza lilikuwa mwanga. Nyumba ya mbao ina madirisha madogo, na kwa miaka mingi umeme ulikuwa wa kubahatisha. Watu walifunika mbao kwa karatasi za mifuko ya saruji, magazeti, vitambaa na baadaye triplex iliyopakwa krimu. Krimu ilishinda nyeupe kwa sababu inasamehe moshi wa taa na alama za mikono ya watoto. Sasa ambapo umeme wa maporomoko, kama ule wa kituo cha Matebe huko Rutshuru kilichozinduliwa Desemba 2015, umeongezeka katika eneo hili, taa nyeupe za kisasa zimeleta tatizo jipya: krimu iliyopendeza mchana inaonekana kijani au kijivu usiku. Fundi mzuri anapaka kipande kidogo ukutani, anamwambia mwenye nyumba akitazame asubuhi na akitazame tena taa ikiwaka, kabla ya kununua madumu yote.

Jikoni ni habari nyingine. Goma bado inapika kwa makala, na masizi hayaondoki kwenye rangi ya maji ya bei ndogo. Kwa hiyo jikoni na korido hupakwa rangi ya mafuta inayoweza kuoshwa kwa sabuni, mara nyingi kijani au bluu mpaka kimo cha mabega. Desturi hiyo ilitoka katika hospitali, shule na ofisi za wakati wa Wabelgiji, ikaingia majumbani.

Hapa ndipo uchaguzi wa rangi unapogusa maisha ya mtu. Kwa muda mrefu, dunia nzima ilitumia madini ya risasi katika rangi, hasa za mafuta, kwa sababu yanaipa nguvu na mng'ao. Hatari yake ilijulikana zamani: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kupunguza rangi nyeupe ya risasi mwaka 1921, na Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala upele, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa sheria za nchi ni sehemu 90 kwa milioni. Rangi zinazoshukiwa zaidi ni zile kali: njano, machungwa na nyekundu za mafuta. Hizo ndizo watu wengi wanazozipenda kwa chumba cha watoto, kwa mlango na kwa kitanda.

Hatari kubwa zaidi inakuja wakati wa kukwangua. Rangi ya zamani ikisuguliwa kavu kwa msasa, vumbi lake linaingia kwenye godoro, kwenye sahani na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Anayefanya kazi hiyo alowanishe ukuta kwanza, awatoe watoto na mama mjamzito, akusanye maganda yote na kufagia kwa kitambaa chenye maji. Dukani, aulize dumu lenye maandishi yanayosema halina risasi, na asikubali rangi iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na jina kwa sababu tu bei imeshuka.

Kabla ya kununua dumu

Mpangaji naye ana historia yake na rangi. Magomvi mengi ya kuhama nyumba hapa mjini yanaanzia ukutani: mwenye nyumba anasema kuta zimechafuliwa, anabaki na garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu kodi za nyumba iliweka garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Mpangaji anayeingia afanye jambo rahisi: aandike pamoja na mwenye nyumba hali ya kila ukuta, wapige picha, wote wawili watie sahihi. Na kama anataka kubadilisha rangi, apate ruhusa kwa maandishi, ikionyesha nani analipa.

Kwa anayejenga, mafundi wa zamani wa Goma wanakubaliana juu ya mambo machache. Plasta mpya iachwe ikauke kama majuma manne, maana ukuta wenye maji hutupa rangi yake mwezi wa kwanza. Mfereji wa paa ununuliwe kabla ya rangi. Chini kuwe na giza, juu kuwe na mwanga. Rangi ya nje isichaguliwe kwenye karatasi ndogo, kwa sababu kwenye ukuta mkubwa na chini ya jua la hapa inaonekana kali mara mbili. Jiwe la volkano lililokaa vizuri halihitaji rangi, linahitaji viungo visafi.

Pesa zikiwa chache, wengi huanza na ukuta wa barabarani ili wapita njia waone. Fundi mwenye utu atamshauri baba huyo aanze na paa linaloota kutu na chumba wanacholala watoto. Ukuta wa barabarani unaweza kungoja kiangazi kijacho.